Drili ya mkono iliyochoka: uikarabati, utafute nyingine au uhamie ya umeme?

Drili ya mkono ya zamani ikianza kurusha meno au kuangusha biti, yaani kile chuma kinachotoboa, wengi wetu hapa Dodoma tunakimbilia dukani kuulizia ya umeme. Ile ya zamani inawekwa kwenye mizani na kuondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeziona zikienda hivyo, na inaniuma, kwa sababu nyingi hazikuwa zimekufa. Kilichokufa ni mdomo unaoshika biti, au vijispringi vilivyomo ndani ya mdomo huo. Gia zilikuwa bado zina miaka mingi ya kazi.

Kwa hiyo sianzi na bei. Naanza na kuitambua zana uliyoishika, kisha kutafuta imeharibika wapi, ndipo nizilinganishe njia ulizonazo. Niseme mapema ninapoegemea: kama kazi yako ni matundu madogo kwenye mbao, bati na alumini, drili ya zamani iliyokarabatiwa ni bora kuliko mpya ya mkono ya bei nafuu, na kwa kazi kadhaa ni bora hata kuliko ya umeme. Kama kazi yako ni zege, weka ya zamani kando na ununue ya umeme bila kusita.

Umeshika ipi?

Zana za kutobolea kwa mkono zinazokutwa huku ni za aina tatu, na watu huzichanganya, jambo linalowafanya wanunue biti zisizoingia.

Ya kwanza ni drili ya mkono yenyewe. Ina gurudumu lenye meno ubavuni, mkono mdogo wa kuzungushia, mpini wa mbao juu na mdomo wa taya tatu chini. Ukizungusha gurudumu, linasukuma gia ndogo iliyo kwenye shafti na biti inakwenda kasi kuliko mkono wako. Mdomo wake hupokea biti ya duara hadi milimita 6 hivi kwa zile ndogo, na hadi 8 kwa zilizozidi kidogo.

Ya pili ni drili ya kifua. Ni dada mkubwa wa ile ya kwanza: badala ya mpini juu ina bamba la chuma lililopinda, unaliegemeza kifuani ili uzito wa mwili usukume biti. Mdomo hufika milimita 13, na nyingi zina kasi mbili, ya polepole kwa chuma na ya haraka kwa mbao.

Ya tatu ni keke. Hii haina gia. Ni chuma kilichopindwa kikatoka nje katikati, juu kina kirungu cha mbao cha kuegemeza kiganja, na katikati kina mpini unaozunguka. Chungulia mdomoni: taya ni mbili tu, zenye mfereji wa kushika mkia wa biti wenye pembe nne unaochongoka. Biti ya duara ukiilazimisha humo itazunguka peke yake mbao ikikutazama.

Kuna ya nne, ya kusukuma juu chini badala ya kuzungusha, lakini ni adimu na biti zake zina mkia wa namna yake ambao hutaupata madukani. Ukiwa nayo pamoja na biti zake, itunze. Ukiwa nayo bila biti, usihangaike nayo kwa kazi.

Sasa chapa. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, futa kwa kitambaa, kisha angalia mahali panne: uso wa gurudumu kubwa, mwili wa chuma, kola ya mdomo (ganda la nje unalozungusha kukaza taya), na kwa keke, ganda la mdomo. Usitumie msasa wala gurudumu la waya kabla hujasoma, maana maandishi hayo hukaa juujuu na yakishakwanguliwa hayarudi. Majina yanayojitokeza zaidi ni Stanley, Millers Falls na Record. Millers Falls ilikuwa kampuni ya Massachusetts, Marekani. Record ilikuwa chapa ya kiwanda cha C. & J. Hampton cha Sheffield, Uingereza. Stanley ilianzia New Britain, Connecticut, lakini miaka ya 1930 ikaingia Sheffield pia, kwa hiyo Stanley iliyoandikwa kwamba imetengenezwa Uingereza si bandia.

Usishangae kukuta chuma cha Sheffield Dodoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na kila karakana ya reli ilihitaji zana. Kongwa, kati ya 1947 na 1951, ndiko Waingereza walikomwaga matrekta na vifaa vya mradi wa karanga uliowashinda. Shule za misheni zilifundisha useremala kwa zana za Ulaya. Na kuanzia 1979 shirika la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance lilikusanya zana za mkono zilizotumika, likazikarabati na kuzileta Afrika, Tanzania ikiwemo. Siwezi kukuambia yako ilipitia mlango upi, ila chapa itakuonyesha ilizaliwa wapi.

Chapa inakusaidia kutafuta mwenzake wa kutolea vipuri. Haikuambii kama zana ni nzima. Kwa hilo kuna mambo mengine ya kutazama.

La kwanza ni gia ndogo. Geuza drili uitazame kwa ubavu: kuna gia ndogo moja tu chini ya gurudumu, au ziko mbili, moja juu na nyingine chini? Ya chini, karibu na mdomo, ndiyo inayosukuma biti. Ya juu kazi yake ni kulishika gurudumu lisilale upande unapokaza. Drili ya gia mbili huvumilia mkono mzito, na ukiambiwa uchague kati ya mbili za bei sawa, chukua hiyo.

Hesabu pia meno ya gurudumu kubwa, kisha ya gia ndogo, ugawanye. Ukipata nne, maana yake mzunguko mmoja wa mkono ni minne ya biti. Ukizungusha mara moja kwa sekunde, biti inakwenda mizunguko 240 kwa dakika. Drili ya umeme ya kawaida hufika karibu 3,000 ikiwa haina mzigo. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuamulia mengi huko mbele.

Kwa keke, pima upana wa mzunguko: kutoka mstari wa katikati, yaani kirungu hadi mdomo, mpaka katikati ya mpini, uzidishe mara mbili. Inchi 10 ndiyo ya kawaida. Inchi 8 ni nyepesi na ya haraka, inchi 12 ina nguvu kwenye mbao ngumu. Angalia kama ina racheti, ile pete nyuma ya mdomo inayokuruhusu kusukuma nusu mzunguko na kurudi. Ukifanya kazi kwenye kona ya fremu ya mlango ambako mkono hauwezi kuzunguka wote, bila racheti umekwama.

Imeharibika wapi?

Chukua biti ya milimita 3 iliyonyooka, ifunge, zungusha taratibu na utazame ncha. Ikichora duara hewani, kuna kitu kimepinda, au taya hazikutani sawa. Toa biti na taya, zungusha shafti tupu. Shafti ikiwa imetulia, ubaya uko mdomoni. Shafti ikiwa inayumba, imepinda, na hapo ndipo penye gharama, kwa sababu kunyoosha shafti kunataka jicho la fundi wa mashine ya kereza. Nyundo juu ya jiwe itamaliza kilichobaki.

Kuteleza kwa meno watu hukuita kuisha kwa gia. Mara nyingi sivyo. Tundu la mhimili wa gurudumu kubwa limelika, gurudumu limelegea na kulala nje, kwa hiyo meno yanagusana kwa ncha tu. Lisukume kwa kidole gumba likutane na gia ndogo huku mwenzako anazungusha. Kelele ikikoma na meno yakishika, dawa ni washa nyembamba, yaani kipete bapa cha chuma, ya kulirudisha gurudumu mahali pake. Meno yaliyovunjika kabisa, mawili matatu kufuatana, ndiyo msiba wa kweli, na hapo drili inakuwa ya kutolewa vipuri.

Mwili wa chuma ukiwa na ufa, usikimbilie kwa fundi wa kuchomelea mageti. Miili mingi ya zamani ni chuma cha kumimina, na chuma hicho kikichomelewa kwa fimbo za kawaida hupasuka tena pembeni ya mshono kikipoa. Kinataka fimbo za nikeli au kuungwa kwa shaba nyeupe ya kuyeyushia, na kupashwa moto taratibu. Muulize fundi kama anazo kabla hujamkabidhi.

Mpini wa mbao kulegea ni jambo la kawaida sana huku kwetu. Hewa ya Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, mbao iliyochongwa Ulaya inasinyaa. Habari njema ya ukavu huohuo ni kwamba zana haili kutu kama iliyokaa Tanga au Dar es Salaam. Mpini mpya wa mninga au hata mwarobaini, mchongaji ye yote anaweza kukutengenezea.

Nirudi kwenye mdomo, maana ndiko kwenye asilimia kubwa ya vifo vya kusingiziwa. Fungua kola yote mpaka itoke. Ndani utakuta taya tatu na vijispringi vinavyozitenganisha. Vikipotea, taya zinalala ovyo na biti inashikwa na mbili badala ya tatu. Springi ya kalamu ya kubonyeza, ikikatwa vipande kwa koleo, inatosha kwa drili nyingi zenye springi za kujiviringa. Zile za waya uliokunjwa zinataka uvumilivu zaidi, ila waya wa chuma kigumu hufanya kazi. Taya zenyewe zikiwa zimemomonyoka ncha, badilisha mdomo wote.

Kubadilisha mdomo kunategemea thredi ya shafti, yaani ile mikato ya skrubu mdomo unapofungwa, na kuipima si uchawi. Fungua mdomo wote utoke. Pima unene wa shafti penye thredi: kama ni kama milimita 9.5, hiyo ni inchi tatu kwa nane. Kama ni karibu 12.7, ni nusu inchi. Kisha weka rula yenye inchi sambamba na shafti, chukua ncha ya sindano, na hesabu vilele vilivyomo ndani ya nusu inchi. Ukihesabu 12, ni thredi 24 kwa inchi. Ukihesabu 10, ni 20. Unene wa tatu kwa nane wenye 24, na wa nusu inchi wenye 20, ndivyo vipimo viwili vinavyotumika kwenye midomo mingi ya drili za umeme mpaka leo. Maana yake mdomo wa drili ya umeme iliyoungua unaweza kukaa kwenye drili ya babu yako bila kuongezwa chochote. Kipimo kikigoma, usilazimishe. Fundi mkerezaji anaweza kukutengenezea kiungo chenye thredi moja ndani na nyingine nje.

Ukitoa mdomo kwenye drili ya umeme iliyokufa, fungua taya zote na uchungulie chini kabisa. Zile zinazozunguka pande zote mbili huwa na skrubu humo ndani, na skrubu hiyo ina thredi ya kushoto, inafunguka kwa kuzungusha upande tunaokazia skrubu nyingine. Baada ya hapo mdomo wenyewe unafunguka kawaida. Chukua mdomo wa milimita 10. Wa milimita 13 ni mzito mbele, na gia ndogo za drili ya mkono hazina nguvu ya kusukuma biti ya unene huo.

Ya zamani iliyokarabatiwa, au mpya ya mkono?

Hapa sina mashaka. Drili nyingi mpya za mkono za bei ya chini zina gurudumu la bati lililogandamizwa au la chuma laini cha kumiminwa, mhimili unaocheza tangu siku ya kwanza, na taya laini zinazokwaruzwa na biti. Zinatosha kwa mtoto kujifunzia. Kwa kazi ya kila wiki hazidumu.

Kama huna ya zamani na unataka mpya, iombe dukani uishike. Funga biti nyembamba na uangalie ncha. Tikisa gurudumu kwa vidole viwili, likicheza mbele na nyuma irudishe. Tazama kama gia ndogo ni mbili. Taya zifunge mpaka zikutane: zote tatu ziguse kwa pamoja katikati.

Kuliko hiyo, mimi ningetafuta ya zamani nyingine. Pita kwenye vibanda vya zana zilizotumika, kwenye minada kama ule wa Msalato, na zaidi ya hapo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenyewe, kabla gari la kwenda Dar halijapakia. Ukikuta keke yenye biti zake, chukua na biti. Biti hizo zimepigwa nambari moja kwenye mkia: 4, 6, 8, 12, 16. Ni idadi ya sehemu za kumi na sita za inchi. Nambari 8 ni nusu inchi, karibu milimita 13. Nambari 16 ni inchi kamili, milimita 25. Anayeuza kwa kilo hajui kwamba nambari hizo ndizo thamani ya mzigo.

Drili ya mkono au keke?

Hizi hazishindani, zinagawana kazi. Mpaka milimita 6 ni drili ya mkono. Kuanzia milimita 10 kwenye mbao ni keke. Katikati hapo utachagua kwa ugumu wa mbao.

Sababu iko kwenye biti. Biti ya keke ina skrubu ndogo nchani inayojivuta yenyewe ndani ya mbao. Kazi yako ni kuzungusha, si kusukuma. Tundu la kitasa la milimita 25 kwenye mlango wa mninga, keke ya inchi 10 yenye biti iliyonolewa inalitoboa bila kelele na bila kuchoma mbao. Toboa mpaka uone ncha ya ile skrubu imechungulia upande wa pili, kisha simama, geuza mlango na umalizie kutoka huko. Ukiendelea moja kwa moja utapasua uso wa mbao wakati wa kutoka, na mninga uliopasuka kwenye kitasa hauna pa kujificha.

Noa biti hiyo kwa tupa ndogo nyembamba. Zile ncha za pembeni zinazokata duara uzinoe upande wa ndani tu. Ukinoa nje umepunguza upana wa tundu, na mwili wa biti utakwama nyuma yake.

Kinachoifanya drili ya mkono isishindwe kwa matundu madogo nilikiona vizuri kwa seremala mmoja mzee anayetengeneza mizinga ya nyuki ya fremu huko Kondoa. Mbao za pembeni za fremu ni nyembamba, hazifiki hata sentimita moja, na kila moja inataka matundu manne ya kupitishia waya unaoshikilia masega. Kazini kwake ilikuwapo drili ya betri, mpya kabisa, ya mwanawe. Hakuigusa. Alizipanga mbao mbili pamoja, akazibana kwenye jiliwa, akatoboa kwa drili ya mkono yenye biti ya milimita 2.

"Shikamoo, mzee. Hii si inakuchelewesha?" kijana aliyekuja kuchukua mizinga akamuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Ile ya betri inakwenda kasi, lakini inavunja biti. Biti nyembamba hivi ukiivunja ndani ya mbao, ubao wote umeuharibu. Hii naisikia mkononi ikikaribia kutoka."

Ndivyo ilivyo. Biti ya milimita 2 inavunjika kwa kusukumwa pembeni na uzito wa mashine. Drili ya mkono ni nyepesi, inasimama popote, na kiganja kinapata habari ya kila nyuzi ya mbao. Vivyo hivyo kwa tundu la kuongozea skrubu: skrubu ya milimita 4 kwenye mbao ngumu inataka tundu la kama milimita 3, na kwa bawaba nne za dirisha utakuwa umemaliza kabla mwenzako hajatandaza waya wa umeme.

Ya mkono au ya umeme ya waya?

Uamuzi huu hutegemea ukuta kuliko mbao. Mji huu unajengwa usiku na mchana tangu serikali ilipoanza kuhamia 2016, kuanzia Mtumba na Ihumwa mpaka Nzuguni na Ilazo, na nyumba hizo ni za tofali za saruji zenye linta ya zege. Fimbo ya pazia inafungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo linta ilipo. Hakuna drili ya mkono itakayokutobolea hapo. Unahitaji ya umeme yenye kugonga, biti ya zege yenye ncha ya kabaidi, na plagi za plastiki za ukutani. Kulazimisha ya mkono kwenye zege ni kuua taya na gia kwa siku moja.

Nyumba za tofali za udongo, nyingi zikiwa Bahi, Chamwino na vijiji vya Chemba, ni habari tofauti. Tofali ya udongo mbichi na hata iliyochomwa kwa moto wa kijijini ni laini. Drili ya kugonga inaitikisa, plasta inabanduka na tundu linapanuka mpaka plagi inacheza. Biti ya zege kwenye drili ya mkono au ya kifua, bila kugonga, inatoa tundu safi.

Kwa chuma, uamuzi ni wa unene. Bati, alumini na bomba jembamba la mraba, ya mkono inafaa kwa biti kali na tone la oili. Chuma cha milimita 5 kwa matundu mengi, nenda kwenye umeme. Mkono utatoboa moja au mawili, la tatu utachoka na kuanza kuyumbisha, na biti itakatika. Drili ya kifua kwenye kasi ya polepole inasogeza mpaka huo mbali kidogo.

Halafu kuna swali la umeme wenyewe. Drili ya waya hula wati 500 hadi 750 au zaidi. Gridi ya volti 230 inaimudu bila taabu. Sola ndogo ya nyumbani, ya taa na simu, haiiwezi hata ungekuwa na kigeuzi umeme, kama si kikubwa. Ukikubali kazi kijijini, ulizia hilo kabla ya kubeba mashine, au beba drili ya mkono na keke uwe na uhakika.

Ukiinunua ya waya, chagua ambayo kaboni zake, yaani vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota na kulika polepole, zinafikika kwa kufungua vifuniko viwili vya pembeni. Vumbi letu, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unapochachamaa, linaingia kwenye mota na kaboni zinakwisha mapema. Kubadilisha kaboni ni kazi ndogo. Mashine ambayo lazima ipasuliwe yote ili uzifikie itakugharimu fundi kila mara.

Na ya betri?

Ya betri ndiyo inayopendwa sasa, na kwa fundi anayepanda ngazi siku nzima naielewa. Inakaza skrubu, inatoboa mbao, haina waya wa kukanyaga. Lakini soma namba zake kwa makini. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6. Seli tano zikiunganishwa kufuatana ni volti 18, na zikiwa zimejaa hupita 20. Kwa hiyo drili iliyoandikwa 18 na iliyoandikwa 20 ni kitu kilekile. Zipo za bei nafuu zilizobandikwa 48 au zaidi kwenye betri isiyo kubwa kuliko ngumi. Namba hiyo haina maana ya volti unazozijua. Geuza betri, soma maandishi madogo ya chini, na usikubali jibu la mdomo.

Kinachoua drili ya betri ni betri yenyewe. Ukiiacha juani kwenye paa la bati au ndani ya gari lililofungwa mchana wa Novemba, unaipunguzia umri, maana lithiamu haipendi joto. Kabla hujalipa, uliza duka kama lina betri ya akiba ya mfano huohuo inayouzwa peke yake. Kama haipo, mashine nzima itakuwa na umri wa betri moja. Drili ya mkono iliyotengenezwa miaka sabini iliyopita haina sehemu ya namna hiyo, na kwangu hilo lina uzito mkubwa kwa mtu anayeishi mbali na mji.

Ungekuwa wewe

Mwenye nyumba mpya ya tofali za saruji asiyefanya useremala: ya umeme ya waya yenye kugonga, basi. Usitafute ya kale kwa mapenzi.

Seremala wa milango na samani mwenye umeme wa uhakika: ya betri au ya waya kwa kasi, na keke kwa matundu ya vitasa. Drili ya mkono iwe karibu kwa bawaba na skrubu ndogo.

Mtengeneza mizinga, mchonga marimba na zeze, fundi wa fremu za picha, mtu ye yote ambaye biti yake haizidi milimita 4: karabati ya zamani. Tundu la kigingi cha zeze likikosea kwa nusu milimita, kigingi hakishiki sauti, na mashine ya kasi haikupi nafasi ya kusitisha kabla ya kukosea.

Fundi wa kijijini bila umeme: keke na drili ya kifua, ukizipata zote mbili. Ukipata moja tu, chukua ya kifua, kwa kuwa inapokea biti za duara zinazouzwa kila duka, wakati za keke utazitafuta.

Ukishaikarabati, usipake grisi nzito kwenye gia zilizo wazi. Grisi inanasa vumbi la Dodoma na kugeuka msasa unaosaga meno kila unapozungusha. Tone la oili nyepesi kwenye mhimili na kwenye gia ndogo, futa linalozidi, inatosha. Na kama baada ya vipimo vyote imeonekana haifai, meno yamevunjika na shafti imepinda, bado usiiuze kwa kilo. Fungua taya, gia ndogo, mpini, mhimili na washa, uzitie kwenye kopo lenye oili kidogo na uandike chapa kwa nje. Mwenzako mwenye drili ya chapa hiyohiyo anazitafuta sasa hivi.